Bomba la Shingoni la Mwalimu Kondo

Wanangu mnaovaa sare nyeupe leo, nianze na jambo mtakalolitumia kesho asubuhi, ili hata mkichoka kunisikiliza njiani muwe mmeshapata kitu. Mnapoingiza mpira wa kunyonya makohozi kwenye shingo ya mgonjwa mwenye bomba, baneni pumzi zenu wenyewe. Mpira ukishaingia, na wewe usipumue. Ukiona kifua kinaanza kudai hewa, jua na yeye anaidai, tena kuliko wewe, maana wewe huumwi. Toa mpira. Mwache avute pumzi mara kadhaa, ndipo urudi.

Hilo sikufundishwa darasani. Darasani tuliambiwa tuhesabu sekunde, na saa ya ukutani ya wodi yetu ilikuwa imesimama tangu kabla sijaajiriwa. Aliyenifundisha ni Mama Pazi, mkuu wa wodi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyeanza kazi enzi za mkoloni kama mfagiaji na akapanda daraja moja moja mpaka akawa anatupangia sisi tuliotoka vyuoni zamu za kazi. Alikuwa mnene, anatembea taratibu, na sijawahi kumwona akipitwa na kitu.

Mimi nilikuwa Sista Komba, msichana wa Songea, mwaka wa tatu kazini. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, huku upande wa Kibaha. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayosema si ya kujivunia.

Siku hizo, miaka michache baada ya watu kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa, mgonjwa wa kutobolewa shingo hatukumpasua sisi. Tulimpakia kwenye Landrova, tukamkimbiza Dar es Salaam. Mwalimu Kondo alifika wakati Landrova iko juu ya mawe ikisubiri vipuri, na mvua ya masika imekata barabara mahali pawili.

Mwalimu Salumu Kondo alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima Dutumi. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Siku hiyo alikuwa akishuka mteremko kwa baiskeli, ubao wa darasa umefungwa nyuma kwa kamba. Kamba ikalegea, ubao ukaingia kwenye gurudumu, na yeye akarushwa mbele, usukani ukampiga hapa kwenye kikoromeo. Mwanzoni alicheka tu na kujipangusa vumbi. Saa mbili baadaye hakuweza kumeza mate. Kijiji kilimleta kwenye tela la trekta, amekaa wima, amemshika mke wake mkono, na kila akivuta pumzi unasikia mluzi tangu mlangoni.

Daktari Mhina alikuwa daktari msaidizi, mtu wa milima ya Usambara, mpole, asiyependa maneno. Alisikiliza ule mluzi kidogo tu. Akatazama nafasi ya juu ya mfupa wa kifua jinsi inavyobonyea kwa ndani kila pumzi, akatazama kucha, ambazo zilikuwa zimeanza kugeuka rangi.

"Dar hafiki," alisema. "Chemsheni vyombo."

Mke wa Mwalimu aliitwa Chausiku. Aliona kisu kidogo kwenye sinia, akasimama kati ya daktari na kitanda.

"Daktari, unataka kumchinja mume wangu?"

"Hapana, mama. Njia yake ya hewa imevimba hapa juu. Nitamtobolea nyingine hapa chini ya uvimbe. Nisipofanya hivyo sasa, magharibi hataiona."

Chausiku alimtazama mume wake. Mwalimu hakuweza kusema, akainamisha kichwa kukubali. Chausiku akasogea.

Mimi nilishika kichwa. Mama Pazi alimwekea mto chini ya mabega ili shingo ijitokeze, lakini kila tukimlaza alikuwa anainuka kwa nguvu za mtu anayezama majini. Mama Pazi akamwinamia sikioni akamwambia, "Mwalimu, utalala kwa muda wa kumaliza Yasini moja. Mimi nitaisoma. Nikimaliza utakuwa unapumua." Akaanza kuisoma taratibu. Mwalimu akalala.

Daktari alichoma ganzi, akapasua ngozi, akazitenga nyama kushoto na kulia, akitafuta katikati kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho. Hilo nalo lishikeni: shingo ya mtu anayehangaika ina damu nyingi, jicho hudanganyika, kidole hakidanganyiki, kinahisi pete ngumu za koo la hewa. Alipoitoboa pete, ilisikika hewa ikitoka kwa kishindo, damu na kohozi vikamrukia kwenye miwani, Mwalimu akakohoa kikohozi kisicho na sauti. Daktari akaingiza bomba bila kufuta miwani. Mama Pazi alikuwa hajamaliza Yasini.

Ukimya ulioingia chumbani sijausahau. Ule mluzi tuliouzoea ukakatika, ikabaki hewa inayoingia na kutoka kama ya mtu aliyelala usingizi. Kucha zikarudi rangi yake. Kisha Mwalimu akafungua mdomo ili ashukuru, na halikutoka neno. Akajaribu tena. Nikaona hofu ikimjaa machoni, kubwa kuliko ile ya kukosa hewa.

Hapo tulikosea sote watatu. Hatukumwambia kabla kwamba sauti itakwenda. Hewa inapitia shingoni, haifiki kwenye kikoromeo inakotoka sauti. Mwambie mgonjwa mapema, hata kama una dakika moja tu, na umwambie atawasilianaje nawe. Kwa mtu anayekula kwa sauti yake, kuamka bila sauti ni kuamka mtu mwingine. Mama Pazi alitafuta kibao cha kuandikia, vile vya watoto wa shule, na kalamu yake ya jiwe, akampa. Neno la kwanza aliloandika Mwalimu lilikuwa "Daima?"

Mama Pazi akamjibu, "Hatujui bado."

Sasa niwaeleze lile bomba, maana hamlijui. Ninyi mna ya plastiki, mnatupa. Letu lilikuwa la fedha, limepinda kama kidole kilichokunjwa nusu, nalo lilikuwa mabomba mawili, moja ndani ya lingine. La nje linafungwa shingoni kwa tepe na halitoki ovyo. La ndani lina kikamatio kidogo: unakigeuza, unalichomoa, unalisafisha, unalirudisha. Kohozi likiganda, linaganda kwenye la ndani, na hapo uhai wa mtu uko kwenye kukumbuka kulichomoa. Kila baada ya saa mbili, siku za mwanzo. Fundo la tepe huwekwa ubavuni mwa shingo, si kisogoni, asije akalilalia. Kidole kimoja kipite chini ya tepe. Kisipopita umembana, vikipita viwili atakohoa alitoe lote. Juu ya tundu weka shashi iliyoloweshwa, maana pua ndiyo iliyokuwa ikilainisha hewa na sasa pua haina kazi. Pamba usiiweke kamwe, nyuzi zake huvutwa ndani. Na kwa sababu hawezi kuita, mpe kitu cha kupiga kelele. Mwalimu tulimpa kopo la maziwa lenye kokoto ndani.

Ndugu pia wanahitaji kuelezwa. Siku ya tatu alikuja shangazi yake kutoka Gwata na chupa ya uji, na faneli ya kutilia mafuta ya taa, ameisugua mpaka inang'aa. Nilimkuta anaisogeza shingoni kwa huruma kabisa. Niliruka vitanda viwili. Mama Pazi alimshika mkono akamketisha.

"Shangazi, mdomo wake haujahama. Uji unapita palepale pa zamani. Hapa panapita hewa tu."

"Sasa kwa nini hamkusema?" shangazi akauliza, na alikuwa na haki.

Mwalimu alikuwa anacheka. Mtu mwenye bomba akicheka hutoa upepo tu, shashi inarukaruka.

Nimezunguka sana, nadhani mmeona. Nilikuwa nakwepa siku ya nane.

Siku ya nane tuliambiwa kuna wageni wakubwa kutoka mkoani wanakuja kukagua. Wodi ilipigwa deki mara mbili, na Mama Pazi akaagizwa ofisini kupanga mapokezi. Mgonjwa wa bomba alikuwa wangu. Saa nne asubuhi nilisafisha bomba la ndani, nikaandika kwenye chati iliyoning'inia miguuni mwa kitanda: saa nne, limesafishwa, Komba. Kisha nikafikiri: saa sita tutakuwa nje kwenye mstari, wageni wataingia wodini, watashika chati, wataona pengo. Nikaandika na ya saa sita papo hapo. Nilijiambia nitachomoka kidogo mstarini ikifika saa yenyewe.

Wageni walichelewa. Tulisimama juani tukiwa tumeshika maua, ngoma inapigwa, na kila nilipotaka kuchomoka mtu alisema, "Hao wanakuja." Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Nilikuwa naimba.

Chausiku alitoka wodini mbio, kanga imemdondoka. Hakupiga kelele. Alimfuata Mama Pazi moja kwa moja akamvuta mkono. Mwalimu alikuwa ametikisa kopo lake mpaka kokoto zikamwagika, na kwa sababu ya ngoma hatukulisikia. Tulipofika alikuwa amekaa, ameshika vyuma vya kitanda, mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua kinapanda na hakuna kinachoingia.

Mimi nilikimbilia mashine ya kunyonya, ile ya kukanyaga kwa mguu. Mama Pazi hakuigusa. Alinyoosha vidole viwili, akageuza kikamatio, akachomoa bomba la ndani. Basi. Hewa ikaingia kwa nguvu hata shuka ikatikisika. Lile bomba alilishika kwenye mwanga: limeziba kabisa, kohozi gumu la rangi ya gundi ya mti, hakuna upenyo wa sindano.

Hilo nalo likaririni. Bomba likiziba usitafute mashine. Chomoa la ndani kwanza. Sekunde mbili.

Mama Pazi akaniuliza, akiwa bado ameshika lile bomba, "Lilisafishwa lini?"

"Saa sita, Mama," nilisema. "Nimeandika."

Akaitazama chati. Akanitazama. "Haya," akasema, akaenda kuwapokea wageni waliokuwa ndiyo wanashuka kwenye magari.

Nililisafisha bomba, nikalirudisha. Mwalimu alikuwa ametulia, jasho limemlowanisha. Akaniashiria chati. Nilidhani anataka niiondoe. Alitaka apewe. Nikampa. Akaisoma kwa utaratibu kama anavyosoma daftari la mwanafunzi, kidole chini ya mstari, akafika kwenye saa sita. Akachukua kibao chake akaandika: "Saa sita ulikuwa nje."

Chausiku alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Yeye naye alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha mume wake, bado anasoma kwa kuunga silabi. Nikaona midomo yake ikianza: "Sa-a si-ta u-li…" Mwalimu akafuta kibao kwa kiganja.

"Umeandika nini?" Chausiku akamuuliza.

Mwalimu akaandika: "Maji." Chausiku akamletea maji.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia, nitawaambia tu nilivyofanya. Nilimaliza zamu, nikaenda chumbani, nikapika ugali, nikautazama mpaka ukapoa. Angenishtaki ningeweza kujitetea: wageni, mstari, amri ya ofisi. Lakini mtu niliyekaribia kumuua alikuwa amenifichia siri, na sikupata pa kuegemea.

Asubuhi nilimkuta Mama Pazi anahesabu mashuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, jana saa sita sikusafisha. Niliandika mapema. Halafu nikakudanganya."

Aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza bunda. "Nilijua. Bomba lililosafishwa saa sita halitoi kitu kile saa saba."

"Mbona hukusema?"

"Nilikupa mpaka leo jioni. Ungekaa kimya, ningemwandikia Daktari usiguse tena mgonjwa kwenye wodi yangu." Akachukua kalamu nyekundu mfukoni akanipa. "Kata ule mstari. Usiufute, ukate usomeke. Andika pembeni: haikusafishwa. Weka jina. Kisha uende kwa Daktari, na ukitoka kwa Daktari uende kwa yule mama. Mwalimu anajua. Mke wake ndiye hajui, na ndiye aliyekimbia."

Daktari Mhina alinipa barua ya onyo. Aliiandika mbele yangu kwa mkono, polepole, akanisomea, akauliza kama kuna neno la uongo ndani yake. Nikasema hakuna. Hiyo ilikuwa rahisi.

Chausiku nilimkuta anafua kwenye bomba la maji nyuma ya wodi. Nikamwambia yote, nimesimama. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu. Nilipomaliza alikamua shati la mume wake, akalitandaza kwenye kamba, akalinyoosha mikunjo.

"Sista, mimi nilidhani wewe unajua na mimi sijui," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nakaa pembeni. Kuanzia leo nifundishe nifanye mwenyewe. Wewe usimguse."

"Sawa, mama."

"Sijasema nimekusamehe."

"Sawa."

Nilimfundisha. Kwa siku kadhaa nilisimama hatua moja kutoka kitandani, mikono nyuma, nikieleza kwa mdomo tu. Mwanzoni vidole vyake vilikwama kwenye kikamatio na Mwalimu akawa anakohoa kwa kuguswaguswa. Siku ya nne alilichomoa bila Mwalimu hata kuacha kula. Alikuwa na kitu ambacho sisi wauguzi wengi hatuna: alisikiliza. Alijua kwa sauti ya pumzi, akiwa amempa mgongo, kwamba kohozi limeanza kukusanyika. "Limeanza kukwaruza," angesema, na ukienda kutazama, kweli. Mama Pazi alianza kutuita tuje tumwangalie, wauguzi wote wa wodi, na matroni akaja pia.

Barabara ilipofunguka, Mwalimu alipelekwa Dar kwa mabingwa. Akarudi na jibu la swali lake la kwanza: kikoromeo kilivunjika na kimepona kwa kovu, njia ya juu imebaki tundu dogo. Bomba ni la maisha. Alinionyesha karatasi, kisha akaandika kwenye kibao: "Wanafunzi wangu je?"

Jibu lilipatikana Dutumi.

Nilitumwa kumtembelea mara moja kwa mwezi, adhabu aliyonipangia Mama Pazi bila kuiita adhabu. Lori mpaka Mlandizi, kutoka hapo baiskeli ya kuazima au miguu. Mara ya kwanza Chausiku alinikaribisha kiti, akaniletea maji, akanionyesha bomba, kama mtu anayemwonyesha mkaguzi. Lilikuwa safi kuliko yetu. Jiko alikuwa amelihamishia upande wa pili wa nyumba, moshi usije chumbani. Tundu la shingo alilifunika kwa kitambaa chepesi cha mtandio, kimefungwa kama skafu, kwa ajili ya nzi na vumbi. Mtoni alimkataza. "Akiteleza maji yakafika hapa," alisema akigusa shingo yake mwenyewe, "hata kama kichwa kiko juu, amezama." Hilo sikuwa nimemfundisha. Alilifikiria.

Mwalimu alikuwa amegundua la kwake. Ukiziba tundu la bomba kwa kidole wakati wa kutoa pumzi, kiasi cha hewa hupanda kupitia lile kovu, na sauti hutoka. Ndogo, ya kukwaruza, maneno matatu au manne, kisha lazima uachie kidole uvute pumzi. Alirudi darasani na sauti hiyo. Vumbi la chaki lilimkohoza, kwa hiyo ubaoni waliandika wanafunzi, yeye akikaa karibu na mlango anaelekeza. Nilihudhuria siku moja. Watu wazima thelathini hivi, wengine wana majembe mlangoni, na hakuna aliyekohoa wala kunong'ona, maana ukinong'ona humsikii mwalimu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma aliniambia, "Zamani alikuwa anapiga kelele, tukawa tunasinzia."

Mwalimu aliniita mbele. Akaziba bomba. "Huyu Sista," akasema. Akaachia, akavuta pumzi, akaziba. "Ndiye aliyemfundisha mke wangu." Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta Chausiku kwa macho. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, kalamu mkononi, hapigi makofi. Hakununa pia. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayepima kitambaa.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa Kisarawe. Mnazisikia zile habari za mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni hakuna, shashi hakuna, tunapanga foleni ya kila kitu. Wodini tulifua bandeji na kuzianika kama nguo za mtoto. Brashi za kusafishia mabomba zilikwisha, na Chausiku, nilipopita Dutumi kwa safari zangu binafsi, alinionyesha anavyotumia unyoya wa kuku: mrefu, umechemshwa, unaingizwa upande huu unavutwa upande wa pili, kisha bomba linasuuzwa kwa maji ya moto na kutazamwa kwenye jua kusibaki uzi. Tepe alizikata kwenye pindo la kanga, maana pindo halichanuki nyuzi. Nilikwenda na ujuzi huo Kisarawe, tukafanya hivyo, na kwa mtindo huo tuliwavusha watu wengi tu. Msicheke. Siku vifaa vikikosekana, na vitakosekana, mtu wa kuulizwa ni yule aliyeishi na ugonjwa nyumbani.

Mwalimu Kondo alifariki kwa malaria iliyompanda kichwani, siku tatu tu. Bomba halikuhusika. Nilipata habari wameshazika. Nilikwenda kuwapa pole, nikakaa na wanawake, nikarudi.

Chausiku alipomaliza eda alikuja Kisarawe. Nilikuwa wodini asubuhi, nikaona mwanamke amesimama mlangoni na kopo la kahawa amelipakata.

"Hodi, Sista."

"Karibu, mama. Pole na safari."

Akanipa kopo. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, ndani ya kitambaa bomba, la nje na la ndani, limesuguliwa mpaka unajiona.

"La serikali hili," alisema. "Nimeambiwa ni shida kupatikana. Shemeji walitaka tumzike nalo. Nikawaambia yeye alikopeshwa tu, na wengine watalihitaji."

Nililipokea kwa mikono miwili. Lilichemshwa siku hiyo hiyo, likaingia kabatini, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa shingoni mwa mtu mwingine.

Nilimwambia apumzike nimtafutie chai. Hakukaa. Alikuwa ameelekeza sikio upande wa pili wa wodi. Kulikuwa na mgonjwa pale, Bi Tatu, amerudi kutoka Dar na bomba kwa sababu ya uvimbe kooni, na mume wake Ramadhani, mkulima wa mikorosho, mwanamume wa miraba minne aliyekuwa anaogopa bomba lile kama nyoka. Wiki nzima nilikuwa namfundisha. Kila nikimwomba alishike alikumbuka kitu amekisahau nje.

"Limeanza kukwaruza," Chausiku alisema.

Akaenda pale kitandani, akasalimia, akavua viatu, akapandisha mikono ya gauni. Ramadhani akasimama ili ampishe.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nawaachia nafasi, mama. Kazi hizi ni za wauguzi."

"Mimi si muuguzi. Mimi nalima mihogo Dutumi." Akamwonyesha beseni. "Nawa mikono. Kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko."

Ramadhani akanitazama mimi. Nikamsogezea sabuni. Akanawa.

"Mtazame mkeo," Chausiku akamwambia. "Anaogopa kwa sababu wewe unaogopa. Usitazame chuma, mtazame yeye." Akauchukua ule mkono mkubwa, akavipanga vidole viwili kwenye kikamatio, akaacha. "Geuza. Taratibu. Vuta kuja kwako."

Bi Tatu alifumba macho. Bomba la ndani likatoka mkononi mwa mume wake, na pumzi ikapita laini. Ramadhani alibaki amelishika kama mtu aliyepewa yai, jasho linamtiririka.

Chausiku akageuka kunitazama. "Sista," alisema, "nitafutie mahali pa kulala. Huyu atahitaji siku nne."